UZI: Kilatini kina maneno mangapi ya "-a kuua"? Nimekwama kwenye neno funestus

MkamataMbu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina shida ya lugha, na naomba wenye ujuzi wasipite kimya.

Kazi yangu ni kukamata mbu. Niko vijijini, bonde la Kilombero. Jioni tunatega mitego ya taa karibu na vitanda, alfajiri tunazunguka kwenye kuta za nyumba tukiwafyonza kwa mrija wale walioshiba damu wakatulia. Asubuhi tunawamwaga mezani na kuwachambua kwa aina: gambiae huku, funestus huku, hao wote wa malaria, Culex kule. Neno funestus nimelitamka kila siku ya kazi kwa miaka tisa. Sikuwahi kuuliza maana yake.

Mwezi uliopita mama mmoja, ambaye tunatega kwake tangu masika, alikuja kusimama karibu na meza yetu. Akanyoosha kidole kwenye fungu la wale wadogo weusi. "Huyu anaitwaje?" Nikamwambia. "Maana yake?" Nikamjibu harakaharaka, kama tulivyofundishwa: "Ni Kilatini, maana yake hatari." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyoka hatari. Umeme hatari. Barabara kuu hatari. Na huyu naye hatari tu, basi?"

Mama huyo alizika mtoto wa miaka mitatu mwezi Juni mwaka jana. Malaria. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa nimepewa kazi ya kuandika kipeperushi cha kijiji kumhusu mbu huyu, na rasimu niliyoletewa inasema "mbu hatari aina ya funestus". Sitaki kuliandika hilo. Kwenye kamusi moja nimeona funestus maana yake "-a kuua". Kwenye nyingine nimeona letalis, mortifer na mortalis, yote yakipewa maana hiyohiyo. Haiwezekani watu wawe na maneno manne ya kitu kimoja bila sababu. Nisaidieni.

Seminari84

Kijana, umeuliza swali zuri. Nilikisoma Kilatini seminari ndogo, nikakifundisha miaka kumi na minne, kwa hiyo niruhusu niende polepole.

Tuanze na *letalis*, maana ndilo lililosambaa kuliko yote. Limetokana na *letum*, yaani kifo, lakini kifo cha kwenye mashairi na kwenye maneno ya kale ya ibada, si kifo cha mazungumzo ya sokoni. Roma ya zamani, kwenye mazishi ya kutangazwa, mpiga mbiu alipita akisema *ollus leto datus est*, "fulani amekabidhiwa kwa kifo". Hayo ameyaandika Varro, mwanachuoni aliyeishi mwaka 116 hadi 27 kabla ya Kristo. Varro huyohuyo akaongeza kwamba *letum* ni sawa na *lethe* la Wagiriki, maana yake usahaulifu. Hapo alikosea. Sauti zilifanana, akaziunganisha. Lakini kosa lake liliishi kuliko yeye: waandishi wa baadaye wakaanza kuchomeka herufi h, wakaandika *lethalis*, na ndiyo maana Waingereza hadi leo wanaandika neno hilo na h ndani yake, wakati Waitalia, Wahispania na Wajerumani wanaliandika bila h. Herufi moja isiyo na kazi imebeba kosa la miaka elfu mbili.

Maana yake hasa utaiona kwa Virgil, kitabu cha nne cha utenzi wake Aeneis. Malkia Dido amemezwa na mapenzi, na mshairi anamfananisha na paa jike aliyepigwa mshale na mchungaji kwenye misitu ya Krete. Mchungaji mwenyewe hajui kama amempata. Paa anakimbia porini huku *haeret lateri letalis harundo*, mshale wa kuua umeng'ang'ania ubavuni. Ona hapo: paa bado mzima, bado anakimbia, ila kifo kimeshaingia mwilini pamoja na ule mshale. Hiyo ndiyo *letalis*. Ni sifa ya kitu kilichobeba kifo ndani yake: mshale, jeraha, sumu. Si ajabu wanasayansi walilichukua hilo. Mwaka 1927 Trevan alipobuni kipimo cha dozi inayoua nusu ya wanyama wa majaribio, L ya kwenye LD50 ilitokana na neno hilihili.

*Mortifer* ni rahisi zaidi: *mors*, kifo, na *ferre*, kubeba au kuleta. Mleta kifo. Hili ndilo neno la nathari na la matabibu. Celsus, mwandishi wa tiba wa Kirumi, analitumia kwa majeraha na magonjwa. Lingine, *mortalis*, limepotoshwa sana. Asili yake si kinachoua. Ni *anayekufa*. Binadamu ni *mortalis* kwa sababu atakufa, miungu ni *immortales* kwa sababu hawafi. Ni Wakristo waliolisukuma upande wa kuua, waliposema *peccatum mortale*, dhambi ya mauti.

Funestus nitalirudia baadaye, linahitaji nafasi yake.

Nyundo_ya_Chuma

Mzee Seminari, shikamoo. Mbona jambo liko wazi? *Mors, mortis*, na sisi tuna *mauti*. Mort, maut. Ni neno moja hilo. Ama tulilichukua kwa Warumi kupitia Waarabu, ama Warumi walilichukua huku.

Ukhti wa Mvita

Ndugu yangu Nyundo, hapana. Naelewa kinachokuvuta, hata mimi kilinivuta nilipokuwa mdogo, lakini sikio si ushahidi.

*Mauti* ni Kiarabu, *mawt*, na mzizi wake ni m-w-t. Hamna r ndani yake wala haijawahi kuwapo. Kiebrania nacho kina *mavet*, mzizi uleule. Kutoka hapo tumepata *mauti* na *maiti*, zote mbili. Ya Kilatini ina r tangu kale: wanaisimu wanairudisha kwenye mzizi *mer-*, na ndugu zake ni *amrita* ya Kisanskriti, kisichokufa, na *ambrosia* ya Kigiriki, chakula cha wasiokufa. Hizo ni familia mbili zilizokaa mbalimbali, zikafanana uso kwa bahati. Ni kosa lilelile la Varro na *lethe* yake.

Na tukitafuta neno letu wenyewe, la Kibantu, si *mauti* bali *kufa*. Lipo kila mahali: Kizulu *ukufa*, Kilingala *kokufa*, Kinyarwanda *gupfa*, Kikuyu *gũkua*. Hilo ndilo la kuanzia kama mkamata mbu wetu anataka tafsiri ya kuingia moyoni mwa mama yule. Lina watoto wengi: kufia, kufisha, kufiwa, kifo, mfu, mfiwa.

Nyundo_ya_Chuma

Nimekubali, Ukhti. Hilo la r sikulijua.

Mwinjilisti wa Kata

Kuhusu *mortifer*, wapendwa, fungueni Marko 16:18. Kilatini cha Jerome, mtafsiri wa kale wa Biblia, kinasema *mortiferum quid*. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "hata wakinywa kitu cha kufisha, hakitawadhuru kabisa". Cha kufisha. Watafsiri wale hawakuandika "kitu hatari". Neno lilikuwepo na walilitumia, ni sisi tuliolitupa. Siku hizi kila kitu kwenye habari ni hatari: homa hatari, nyoka hatari, jambazi hatari, pombe hatari.

Ukhti wa Mvita

Umenena, mwinjilisti. Na *hatari* kwa asili ni kitu kinachoweza kukudhuru, si lazima kikudhuru. Ukivuka barabara ni hatari, na wengi huvuka salama.

Nikiwa bado hapa, mzee Seminari hakutaja *fatalis*, nami nalipenda hilo kwa sababu lina pacha kwetu. *Fatum* ni "kilichosemwa", kutoka *fari*, kusema. Neno la miungu likishatamkwa, limepita. Kwa hiyo *fatalis* kwanza ni kilichopangwa, ndipo baadaye likageuka la kifo. Sasa tazameni *ajali*. Kiarabu *ajal* ni muda uliowekwa, ukomo wa maisha ya mtu. Bibi yangu aliposema "ajali yake imefika" hakuwa na maana ya gari kugongana, alimaanisha saa yake imetimia. Leo neno limehamia barabarani, watu wanasema "ajali haina kinga" wakifikiria matairi na breki. Mwenye methali alikuwa anazungumza juu ya saa ya mtu. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza: hiyo ndiyo *fatalis* yenyewe.

MkamataMbu (mleta uzi)

Nasoma yote, asanteni sana. Ukhti, hilo la ajali nimemsomea baba yangu, akasema hata kwao zamani walisema hivyo.

Mzee Seminari, bado nakusubiri kwenye funestus.

Seminari84

Marahaba kwa Nyundo, na samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika.

Funestus. Mzizi wake ni *funus*. Na *funus* si kifo. *Funus* ni msiba: maiti iliyolazwa ndani, maombolezo, msafara wa kwenda kuzika, vyote kwa pamoja. Ukiongeza *-estus* unapata "-enye" au "-liojaa", kama *honestus* kutoka *honos*, heshima. Kwa hiyo funestus, kwa maana yake ya kwanza kabisa, ni "-enye msiba".

Kwa Warumi hiyo haikuwa lugha ya kupamba. Nyumba iliyofiwa iliitwa *familia funesta*. Ilikuwa imeguswa na kifo, na mguso ule ulikuwa kitu halisi kwao. Tawi la mvinje wa kwao, ule mti mrefu wa makaburini, lilisimamishwa mlangoni ili mtu wa ibada asiingie bila kujua. Waliorudi kutoka mazishini walinyunyiziwa maji na kuruka moto. Sisi tunaonawa mikono tukitoka makaburini tunaweza kuwaelewa bila mwalimu.

Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kisa kimoja katika kitabu chake cha pili. Jamhuri ndiyo kwanza imezaliwa, kwa hesabu ya jadi ni mwaka 509 kabla ya Kristo, na hekalu la Jupiter kilimani Capitolium linangoja kuwekwa wakfu. Konsuli Horatius, mmoja wa watawala wawili wa Roma, ndiye aliyeangukiwa na kura. Ndugu za Valerius, konsuli mwenzake, hawakupenda, wakajaribu kila njia kumzuia. Walipoona zimeshindikana, walingoja mpaka ameshika mwimo wa mlango wa hekalu, yuko katikati ya sala, ndipo wakamrushia habari: mwanao amekufa, na mtu ambaye nyumba yake ni *funesta* hawezi kuweka wakfu hekalu. Horatius hakuuachia mwimo. Aliagiza maiti itolewe ikazikwe, akamaliza sala yake. Livy anasema haijulikani vizuri kama hakuwaamini au alikuwa na moyo wa ajabu. Mimi nimewasomea wanafunzi kipande hicho mara nyingi, na kila mara darasa lilinyamaza.

Baada ya hapo ndipo neno likasogea: kutoka "-enye msiba" hadi "-a kuleta msiba", ndipo likakaribia "-a kuua". Lakini harufu ya kwanza halikuiacha. Cicero anasema wahenga waliihesabu siku Warumi waliposhindwa vitani pale mto Allia kuwa *funestior*, yenye msiba zaidi, kuliko siku mji wa Roma wenyewe ulipotekwa.

Kwa hiyo, kijana, angalia tofauti. *Letalis* inatazama mshale. *Mortifer* inamtazama aletaye. *Mortalis* inamtazama anayekufa. *Funestus* inawatazama waliobaki nyumbani.

MkamataMbu (mleta uzi)

Mzee, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu.

Naomba niongeze upande wangu. Jina hilo alilitoa Giles, daktari wa jeshi la Waingereza kule India, mwaka 1900. Ni miaka mitatu tu tangu Ronald Ross aone vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu huko Secunderabad, Agosti 1897. Jina la mbele, Anopheles, ni la zamani zaidi, la Meigen, mtaalamu wa wadudu, mwaka 1818, na ni Kigiriki: "asiye na faida". Meigen hakujua lolote kuhusu malaria na mbu. Yakikaa pamoja, basi, yanasema: asiyefaa kitu, mwenye msiba.

Na huyu mbu ni wa nyumbani kwelikweli. Gambiae anazaliana kwenye madimbwi ya mvua, hata kwenye unyayo wa ng'ombe, mvua ikikata naye anapungua. Funestus anataka maji yanayokaa: vijito, kingo za mito, mabwawa yenye majani. Ndiyo maana masika yakiisha, watu wakidhani msimu wa mbu umepita, yeye ndiyo anapanda. Anaingia ndani usiku wa manane kuelekea alfajiri, anauma, halafu hatoki. Anapumzika ukutani, nyuma ya nguo zilizotundikwa, kwenye paa la nyasi. Utafiti uliofanywa huku Kilombero na Ulanga, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa zaidi ya miumo 4 kati ya kila 5 yenye vimelea ilitoka kwake, ingawa kwa idadi si yeye anayejaza mitego. Na dawa za jamii ya pareto zinazopakwa kwenye vyandarua amezizoea sana.

Mpare wa Same

Mkuu, kwa kuwa umegusa dawa, na sisi tumo. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta zilipuliziwa dieldrini, mradi mkubwa wa mpakani Tanganyika na Kenya. Marehemu babu alikuwa anasimulia wapuliziaji walivyopita na mabomba mgongoni. Funestus alitoweka kwenye eneo lile. Nafasi yake ikashikwa na ndugu yake anayeitwa rivulorum, "wa vijito", ambaye mara nyingi anauma wanyama. Na kuna ndugu mwingine katika kundi hilohilo aliyepewa jina mwaka 1962: Anopheles parensis. Maana yake ni wa Pare. Kilatini nacho kimetutaja.

Ila msidhani akiondoka ameondoka. Afrika Kusini waliacha DDT mwaka 1996 wakahamia dawa za jamii ya pareto, na kufikia mwaka 2000 funestus sugu alikuwa amerudi KwaZulu-Natal, wakapata mlipuko mkubwa wa malaria.

Inyange

Nawasalimu kutoka Kigali. Kiswahili changu mtanisamehe.

Ukhti alitaja *gupfa*. Kwetu tuna pia *gupfusha*. Kwa umbo ni sawa na *kufisha* yenu, lakini haina maana ya kuua. *Gupfusha* ni kufiwa. Mtu akisema *yapfushije umwana*, maana yake amefiwa na mtoto. Nilipoanza kusoma Kiswahili nilikutana na "kitu cha kufisha" nikadhani ni kitu kinachofanya watu wafiwe. Mwalimu alinisahihisha. Lakini nikisoma alichoandika mzee kuhusu funestus, naona lile nililodhani mimi ndilo neno lenyewe.

Ukhti wa Mvita

Inyange, mdogo wangu, huna cha kusamehewa. Hilo ni la thamani kuliko yote niliyoandika mimi.

MkamataMbu (mleta uzi)

Basi nimepata: "mbu wa msiba". Nitaliandika hivyo.

Tabibu wa Zahanati

Ndugu mleta uzi, subiri kidogo kabla hujachapa. Mimi niko zahanati ya kijijini mwaka wa kumi na moja, nawajua watu wangu.

Ukiandika "mbu wa msiba", watu wataelewa mambo mawili. Wengine wataelewa ulivyokusudia. Wengine wataelewa ni mbu anayekuja *kwenye* msiba, anayefuata nyumba iliyofiwa, na hapo utakuwa umefungua mlango wa nuksi na kurogwa. Mama aliyepoteza mtoto akiona mbu huyo ukutani ataambiwa na jirani kwamba nyumba yake ina kitu. Nimeshaona mama akinyooshewa vidole namna hiyo, na safari iliyofuata alimchelewesha mtoto wa pili kuja kupimwa kwa sababu alipitishwa kwa mganga kwanza. Mtoto yule alipona, lakini ilikuwa karibu sana. Mzee Seminari amesema Warumi waliiona nyumba iliyofiwa kama iliyoguswa na uchafu. Hiyo sehemu ya maana msiilete huku. Tunayo ya kwetu, inatutosha.

Seminari84

Daktari amesema kweli, nami nilipaswa kuliona. Kilatini chenyewe kilihama kutoka "-enye msiba" hadi "-a kuleta msiba". Chukueni ile maana ya pili.

Nyundo_ya_Chuma

"Mbu mleta msiba." Kama tunavyosema mleta uzi.

Ukhti wa Mvita

Hilo limekaa. Linamweka mbu mwanzo na msiba mwisho, hakuna wa kugeuza. Na usiache kuandika funestus pembeni, watoto wa shule walione.

Tabibu wa Zahanati

Nalikubali. Na chini yake uweke mstari mmoja tu: homa ya mtoto ipimwe siku hiyohiyo. Usijaze maneno.

MkamataMbu (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho.

Kipeperushi kimechapwa: "Anopheles funestus, mbu mleta msiba". Chini yake nimeandika anavyozaliana kwenye maji yanayokaa, kwamba anashinda ndani ya nyumba, kwamba kiangazi hajaondoka, na ule mstari wa tabibu.

Jana nilipita kwa yule mama kutega. Nilimweleza tena, safari hii taratibu, kwamba jina lile ni la watu wa kale, na kwamba neno lao lilianzia kwenye nyumba iliyofiwa. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akauliza kama waliompa jina hilo nao walikuwa wanazika watoto. Nikamwambia ndiyo, Roma nayo ilikuwa na malaria, miaka mingi sana. Akaikunja karatasi akaiweka kwenye kanga.

Halafu akanishikia ngazi nikafunge mtego.